Mkwe wangu kapokonywa ndimu mkononi, na bili nikaletewa mimi

Mtu wa Kikwajuni:

Assalamu alaykum waungwana. Ninaandika haya nikiwa bado sijavua kanzu niliyotokea, na mkono wangu unatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtakapokuta herufi imeanguka mjue kwamba aliyeiangusha ni yule mzee. Jina lake silitaji, wala la mkahawa wake silitaji, kwa sababu hakuna aliyekulia mjini humu asiyemjua. Ndiye yule Mtaliano mwenye vitambaa vya meza vya miraba myekundu na myeupe, aliyekuwapo tangu baadhi yetu tukienda skuli kwa miguu, na ambaye kwa ninavyomwona atakuwapo kutuzika sote.

Leo nilimpeleka mkwe wangu. Sikumpeleka rafiki wa barazani, ambaye angecheka na yakaisha. Nilimpeleka mama aliyenizalia mke, aliyevuka bahari kutoka Wete kuja kutuona, nami nilitaka arudi Pemba akiwaeleza majirani kwamba binti yake ameolewa na mtu wa maana. Tulikaa, tukasubiri mpaka nikaamini kwamba ngano yenyewe ilikuwa bado haijapandwa. Tukaletewa vipande vya mkate na kisahani cha mafuta ya zaituni. Mkwe akavitazama kwa adabu, akauliza mchuzi wake utakuja lini. Hatimaye ikafika spageti ya kamba na ngisi, nyuzi zake zikiwa na ugumu kidogo katikati, kama wenyewe wanavyozipenda, na mkwe akafungua mkoba wake akatoa ndimu. Ni ndimu ya mti wake mwenyewe, ulioko uani kwake, na mama yule hatembei bila ndimu hata akienda mazikoni. Akaikata kwa kisu cha mezani, akanyanyua nusu moja juu ya sahani.

Hapo ndipo mzee alipotoka jikoni. Sijui nani alimwambia; nadhani alinusa. Alikuja mbio, ingawa kwa umri wake hakuna aliyemdhania kuwa na mbio, akasema kwa Kiswahili safi cha mjini, "Hapana mama, hapana, hapana," akanyoosha mkono, akaitoa ndimu katikati ya vidole vya mkwe wangu, akaichukua na ile nusu ya pili iliyokuwa mezani, zote mbili akazitia mfukoni mwa aproni yake.

Mfukoni mwa aproni, waungwana.

Angeweza kuniita pembeni. Angeweza kumtuma yule kijana anayehudumu, ambaye ni mtoto wa hapa hapa na anajua mkwe ni nini. Hata askari wa barabarani akikuchukulia leseni hukwambia utaifuata kituo gani, lakini huyu hakusema ataitunza wapi wala atairudisha lini. Badala yake alisimama pale pale, ndimu ikiwa imetuna mfukoni, akatusomesha kwamba tambi za vitu vya baharini hazitiliwi jibini, kwamba spageti haikatwi kwa kisu, na kwamba kapuchino ni ya asubuhi na hainywewi mtu akishakula. Hakuna aliyeomba jibini. Hakuna aliyeomba kapuchino. Mkwe wangu maziwa hayatii kinywani kabisa. Kilichokuwa mkononi mwake ni ndimu, na ndimu ilikuwa yake.

Kisha ikaja bili, na ndani yake kuna mstari wa malipo ya meza na mkate, yaani nimelipia kiti ambacho mkwe wangu alikalia wakati anapokonywa. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama hakusema lolote isipokuwa kwamba kisu chao ni kibutu. Mwanamke wa Kipemba akifikia kusifia au kukosoa kisu, elewa kwamba kuna jambo kubwa zaidi ambalo ameamua kutolisema mbele yako.

Sitaki ushauri wa kisheria. Ninachotaka ni kwamba mmoja wenu anayekwenda pale kesho aiulizie ile ndimu.

Binti Mkunazini:

Pole sana kaka yangu, lakini wewe umepokonywa ndimu tu. Mimi nilimkatia mwanangu spageti kwa kisu, mtoto ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote, na yule mzee akashika kifua mpaka nikadhani tumemuua. Mtoto mpaka leo akiona aproni analia.

Shemeji Mkorofi:

Mleta uzi, nina swali moja dogo. Wakati ndimu inasafiri kutoka mkononi mwa mkweo kwenda mfukoni mwa mzee, wewe ulikuwa wapi?

Mtu wa Kikwajuni:

Nilisimama.

Shemeji Mkorofi:

Ukasimama ukafanya nini?

Mtu wa Kikwajuni:

Nilisimama kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye akili angetambua kuwa sikuridhika.

Shemeji Mkorofi:

Kwa hiyo bili uliilipa ukiwa umesimama. Ahsante, nilitaka kuelewa tu. Nenda kavue kanzu.

Nahodha Mstaafu:

Wanangu, msishangae. Mtaliano hakuanza leo kuchukua vya Zanzibar. Kwa mkataba wa mwaka 1892 alikodi kwa Sultani wetu bandari za Banadiri, yaani Mogadishu, Merka, Barawa na Warshekhe, na mwaka 1905 akazinunua moja kwa moja kwa paundi 144,000. Tofauti ni kwamba wale wa zamani walilipa. Huyu wa mleta uzi amechukua bure, na juu yake akatoza meza.

Maalim Shurba:

Nahodha ameanza vizuri, na mimi ningependa kuongezea, kwa sababu katika jambo hili mzee amekosea zaidi ya anavyofikiri. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekaa katika baraza la Mfalme Roger wa Pili kule Palermo, aliandika mwaka 1154 kwamba katika mji mdogo wa Trabia, kisiwani Sicily, zilikuwa zikitengenezwa tambi kavu kwa wingi mkubwa na kupakiwa majahazini kwenda Calabria na katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Malimau na jamaa zake nayo yalipelekwa kisiwani humo na Waarabu, walioanza kukiteka katika karne ya 9. Tungule, yaani nyanya, kwa upande mwingine, imetoka Amerika, na hakuna Mtaliano aliyeiona kabla ya safari za Columbus. Maana yake ni kwamba tambi na limau zilikutana Sicily karne nyingi kabla ya tambi kuonana na tungule, na kama kuna kitu cha kupokonywa mezani kwa kosa la ugeni, ilipasa iwe tungule. Na hata leo, ukienda Italia ukaagiza ngisi wa kukaanga, sahani huletwa na kipande cha limau pembeni.

Binti Mkunazini:

Maalim, mwenzako ameaibishwa mbele ya mkwe, nawe unampa somo la historia. Mwambie pole kwanza.

Maalim Shurba:

Pole, kijana. Kama nilivyokuwa nikisema, mwaka 827 ndio jeshi lilipoteremka Sicily likitokea Afrika ya Kaskazini.

Mpishi wa Kiwengwa:

Ndugu yangu mleta uzi, heshima yako na ya mkweo iko pale pale, lakini mimi nimepika jikoni kwa Wataliano wa mahoteli ya pwani ya mashariki na ninaomba nimtetee mzee kidogo. Watu hawajui kazi iliyoko nyuma ya sahani ile. Tambi hutolewa katika maji ya chumvi muda mfupi kabla hazijaiva, zikamaliziwa ndani ya kikaango pamoja na maji kidogo yale yale yaliyozichemsha, kwa sababu yana wanga na ndiyo yanayoushikanisha mchuzi na mafuta visitengane. Mpishi huanza na kitunguu thaumu katika mafuta ya zaituni, kisha kamba na ngisi kwa moto mkali na kwa muda mfupi, kwani wakizidishiwa moto huwa mpira, kisha mvinyo mweupe kidogo uchemke mpaka upungue, kisha tambi. Mtu amehangaika kiasi hicho, halafu unakuja na ndimu ya mkobani unafunika yote. Hata mimi ningetoka jikoni.

Binti Mkunazini:

Kisha nini?

Mpishi wa Kiwengwa:

Kisha tambi.

Binti Mkunazini:

Kabla ya tambi, Mpishi. Umesema kisha nini kabla ya tambi?

Mtu wa Kikwajuni:

Waungwana, ninaomba uzi huu usimfikie mke wangu.

Mpishi wa Kiwengwa:

Sikusema kwamba mzee wenu anatia. Nimesema ndivyo inavyopikwa kwao tangu zamani. Wapishi wengi wa hapa, mgeni akiwa Muislamu, huuacha mvinyo na kutia supu ya samaki pamoja na maji ya ndimu kidogo, kwa sababu kinachotafutwa ni ule ukali tu.

Mtu wa Kikwajuni:

Maji ya nini?

Shemeji Mkorofi:

Sasa tumeelewa kwa nini aliichukua. Jikoni zilikuwa zimemwishia.

Mtu wa Kikwajuni:

Yaani ndimu ya mkwe wangu imepikiwa meza nyingine! Imetoka Wete, imevuka bahari, imepita mfukoni mwa aproni, na imeliwa na mtalii! Ninarudia, mfukoni mwa aproni!

Msomaji Kimya:

Kwa kuwa mvinyo umetajwa, nami nina donge langu la siku nyingi. Wengine wanaopika Kitaliano hapa hawasemi kilichomo mpaka umeshameza. Mimi niliagiza tiramisu nikielezwa kuwa ni biskuti zilizochovywa kwenye kahawa zikapangwa kwa malai, na hilo ni kweli, ila aliyeeleza aliruka kwamba mapishi mengine huchanganya kahawa hiyo na mvinyo wa Marsala. Karbonara nayo, kwa mapishi yao ya asili, hutiwa nyama ya shavu la nguruwe. Nilipomuuliza mhudumu mmoja, si wa mzee wenu bali wa mahali pengine mnapopajua, alinijibu kuwa ni nyama ya kawaida. Kawaida ya nani?

Binti Mkunazini:

Hapo umesema. Dada yangu aliambiwa "usijali" mara nyingi mpaka akaanza kujali.

Kijana wa Darajani:

Mimi sina ugomvi na mvinyo wala shavu, ugomvi wangu ni bei. Mwaka 2025 Serikali ya Muungano ilitoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, lakini kuna watu wanaandika bei kwa shilingi na bado wanahesabu kwa dola kichwani, na kila dola ikitikisika spageti inapanda. Sisi tunaolipwa kwa shilingi tumekosa nini?

Shemeji Mkorofi:

Umekosa kula nyumbani.

Kijana wa Darajani:

Nyumbani ndiko ninakokula. Juzi nilitoka mara moja tu, nikaenda Forodhani kwa piza yetu ya chapati, yai na nyama ya kusaga, nikatajiwa bei ya mtalii kwa sababu nilikuwa nimevaa kofia ya jua. Tangu bustani ile ilipokarabatiwa mwaka 2009 watu wamejiona mabwana. Nilimwambia muuzaji kwamba mimi ni wa Darajani, akanijibu kwamba hata wa Darajani wana pesa.

Nahodha Mstaafu:

Forodhani ya zamani ulikuwa ukila, ukashiba, ukarudi na chenji. Sasa kijiti cha mshikaki kina nyama tatu na kitunguu cha kutosha familia.

Mpishi wa Kiwengwa:

Tena wanachoma pweza mpaka anakuwa soli ya kiatu. Hilo hamlioni, mnamwona Mtaliano tu.

Binti Mkunazini:

Mwenye kutaka kula vizuri aende kwa yule mama wa urojo wa Jang'ombe, asilipe meza wala mkate. Ila siku hizi naye ameanza kuuzidisha unga, kijiko kinasimama chenyewe katikati ya bakuli.

Msomaji Kimya:

Si unga tu. Bajia zake zimepungua mpaka unazitafuta kwa nia. Nilimuuliza, akaniambia dengu zimepanda bei.

Kijana wa Darajani:

Dengu hazijapanda. Mimi ninauza dengu.

Mtu wa Kikwajuni:

Mama huyo wa Jang'ombe ndiye yule wa karibu na uwanja wa mpira, au ni yule mwenye banda la bati? Mkwe ameamka na anasema ana njaa.

Binti Mkunazini:

Ni wa banda la bati. Fanya haraka, hufunga mapema, na usikubali akupimie kwa lile bakuli dogo la bluu, kwa sababu bei anayotoza ni ya lile kubwa.

Msomaji Kimya:

La bluu! Na mimi alinipimia kwa hilo hilo la bluu, nami nikanyamaza nikidhani ni mimi peke yangu.