Maneno ya hali ya hewa kwa Kiingereza, Darasa la Pili: nianzie wapi?

Mwl. wa Njombe
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza Darasa la Pili, shule ya serikali hapa Njombe. Watoto 74 chumba kimoja, kipindi nusu saa, zana zangu ni ubao, chaki, na manila nikizipata. Wiki ijayo naingia mada ya hali ya hewa.

Chati niliyoikuta ukutani ina picha sita. Kwenye jua kachorwa mtoto anatiririka jasho, chini wameandika "hot". Kwenye "cold" kuna sanamu la theluji lenye pua ya karoti. Sasa hii ni Julai. Watoto wangu wanafika asubuhi na masweta mawili na kofia za sufu, jua linawaka, mbingu nyeupe, na vidole vimekufa ganzi hata penseli haishikiki. Nikiwaonyesha picha ya jua wanasema "cold". Nitawaambiaje wamekosea?

Jambo la pili: maneno wanayakariri vizuri kwa kufuata mpangilio wa chati. Nikianzia katikati, kimya. Na nikiuliza "What is the weather like today?" wote wananirudishia swali lilelile kwa sauti kubwa.

Mama Chaki (Tanga)
Mwanangu, hiyo chati iteremshe, uigeuze, uandikie upande wa nyuma. Watoto hawajakosea. Macho yao yanaona jua, ngozi zao zinasikia baridi. Nimefundisha Makete, mkoa huohuo wako wa Njombe, miaka mingi kabla sijastaafu na kurudi kwetu Tanga, nayajua hayo masweta.

Tenganisha mafungu mawili. Siku za mwanzo yafundishe yanayoonekana angani tu: "sunny", "cloudy", "rainy". Yakishakaa, siku nyingine ndipo ulete yanayosikika mwilini: "hot" na "cold". Hapo Julai yako itakusaidia, maana watoto wenyewe watakupa "It is sunny and cold", sentensi iliyo kweli mbele ya macho yao. Mwenzako wa Tanga mwezi Februari atapata "It is cloudy and hot". Na "foggy" usiiache. Mtoto wa Makete anatembea ndani ya ukungu kuja shule, analihitaji neno hilo kabla ya "snow".

Kuhusu kukariri, acha kuliuliza darasa zima. Kila kipindi kikianza, mtume mtoto mmoja barazani. Atoke kweli, ainue uso, atazame juu. Darasa limuulize akiwa bado mlangoni, naye ajibu. Wiki ya kwanza simama naye umnong'oneze jibu, hakuna ubaya. Kwa njia hiyo swali linabaki kwa waliokaa na jibu kwa aliyesimama, hivyo kule kurudishiana swali kutakoma. Halafu watu wawili waliokaa karibu na dirisha waseme kama ni kweli: "Yes, it is." "No, it is not." Dakika nne zinatosha, kila siku, hata mada ikishapita. Ukiikusanya yote wiki moja na kuihama, Septemba hutakuta kitu.

Tena fundisha sentensi nzima tangu mwanzo. Ukiwapa "rain" peke yake watakujengea "It is rain" au "The rain is raining", kwa sababu kwetu mvua ndiyo inayonyesha. Wape "It is raining" kama kipande kimoja, wasikichambue sasa.

Na mvua ichezwe! Kidole kimoja juu ya dawati, taratibu: manyunyu. Vidole viwili, vinne, viganja, kisha miguu sakafuni kwa radi. Shusha tena mpaka kidole kimoja, kimya, wote wanyanyue mikono: "It is sunny!" Watoto 74 hapo ni neema, maana kumi hawawezi kutoa mvua ya namna hiyo. Mwambie tu mwalimu wa chumba cha pili mapema, au watoe nje wapige mapaja.

Mwalimu Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Nakubaliana na Mama Chaki karibu kote, ila kwa "snow" naona tusiwanyime. Watoto wangu wa PP2, darasa la awali mwaka wa pili, wanaiona kwenye katuni na wanaiuliza wenyewe. Neno ambalo mtoto ameliomba hulishika siku hiyohiyo.

La "windy" naongeza mbinu. Msimu wa kusi nafunga kipande cha leso kwenye tawi la mwarobaini mbele ya darasa. Kikipepea, "It is windy". Kikilala, "It is not windy". Wamejifunza kukanusha bila mimi kutaja sarufi yoyote.

Mama Chaki (Tanga)
Mwalimu Kisauni, hoja yako naipokea, nami siikatai "snow". Ninachokataa ni kuitanguliza, na lile sanamu la karoti. Mtoto wa Moshi anaiona theluji ya kilele cha Kibo asubuhi kukiwa kweupe. Kwa wa Njombe tafuta picha ya Kilimanjaro kwenye kalenda ya zamani, ajue theluji iko nchini mwake, juu kule kwenye mita 5,895. Njombe na Makete wenyewe wanaamka na sakitu, umande ulioganda, juu ya majani, kwa hiyo kutoka hapo hadi "snow" si mbali.

Mwl. wa Njombe
Shikamoo Mama Chaki, na asante sana Mwalimu Kisauni. Chati nimeshaishusha. Swali la mwisho: nitawapimaje 74? Mtihani wa kuchora mistari kutoka picha hadi neno wanapata wote, kwa kuibia jirani.

Mama Chaki (Tanga)
Marahaba mwanangu. Wapime watano kwa siku, wakiwa kwenye foleni ya uji. Kila mmoja peke yake, swali moja tu, akiitazama mbingu ya siku hiyo. Jina lake uliweke alama kwenye daftari lako: amejibu kwa sentensi, amejibu kwa neno, au bado. Wiki tatu hivi utakuwa umewamaliza. Wale wa "bado" ndio uwape zamu ya kutoka barazani mara nyingi zaidi, lakini usiwatangaze. Na Novemba mvua zikianza kwenu, wapime upya wote kwa "rainy", maana Julai hii watakuwa wameisema bila kuiona.