Mrejesho: laptopu ya steshenari, Mwanga Kigoma

Wakuu, ile Linux niliyouliza, prosesa kupanda ghafla na kila kitu kuganda, imepona. Mliosema vumbi, hapana: amri ya sensors, inayosoma joto, ilionyesha nyuzi 58 tu. Kinara kwenye top (orodha ya wanaokula prosesa) alikuwa kworker, na amri ya kill haimgusi kwa kuwa ni wa kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux. Jibu lilikuwa hapa:

grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*

Kila gpe ni njia ya vifaa vya mashine kuistua kerneli, na namba yake ni mara ilizoistua. gpe6F ilisoma mamilioni na kuzidi kupanda. Nyingine karibu zote sifuri. Kuizima:

echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F

Mzigo ukashuka palepale. Ukiwasha upya inarudi, hivyo acpi_mask_gpe=0x6F imeingia kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, inayowasha Linux), kisha sudo update-grub. Msinakili namba yangu ya 6F, kila mashine ina yake. Ukiizima, baadhi ya vitufe vya Fn vinaweza kugoma.