Picha ya binti yangu imegeuzwa tangazo la saluni: nianzie wapi?

Mama Nuru:
Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mnishauri kwa utulivu, kwa sababu mimi mwenyewe utulivu umenipungukia tangu Jumamosi.

Ijumaa moja, shule ilipofungwa, nilimpeleka binti yangu wa miaka minane kusukwa katika saluni ya mtaani kwetu, Kayole, Nairobi. Msusi alipomaliza alitoa simu akampiga picha ya kisogo, eti aone kama mistari imenyooka, kisha akamgeuza akampiga nyingine ya uso. Mtoto akacheka, pengo la jino likaonekana, nami nikacheka pia. Sikuulizwa lolote, wala sikutia sahihi popote. Wiki tatu baadaye shemeji yangu aliyeko Mombasa akanitumia tangazo la saluni hiyo lililokuwa likizunguka Facebook na WhatsApp: uso wa mwanangu, bei ya shilingi 500, na kwenye sweta, nembo ya shule yake inasomeka vizuri kabisa. Nembo hiyo ndiyo iliyonitoa jasho, maana sasa asiyemjua anamjua, na lango anakotokea jioni analijua vilevile.

Nilipokwenda kulalamika, mwenye saluni, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alinijibu kwamba mtoto alitabasamu, kwamba nilikuwepo na sikukataa, na kwamba sheria za data ni za makampuni makubwa ilhali yeye ana viti vitatu tu. Picha aliifuta kwenye Facebook papo hapo, lakini bango alilochapisha bado linaning'inia mlangoni. Je, nina kesi? Na nikimwanika katika makundi ya mtaa pamoja na nambari yake ya simu, nitakuwa nimekosea?

Kaka wa Umoja:
Mwanike, dada. Watu wa namna hiyo huelewa wakiona wateja wanapungua.

Karani Mstaafu:
Mama Nuru, pole sana. Nilikaa miaka mingi katika ofisi ya mawakili, na ushauri wa huyo kaka ndio uliokuwa ukituletea wateja, lakini wakija kama washtakiwa. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kukashifu mwaka 2017; hata hivyo kesi ya madai ya kuvunjiwa mtu heshima ingalipo, na ukiongeza neno moja usiloweza kulithibitisha, utajikuta wewe ndiwe unayetafuta wakili.

Kuhusu mtoto, uko mahali pazuri. Katiba, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto isitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Picha ya uso ni data, na kuitumia kutafutia wateja ni jambo linalohitaji ridhaa iliyotolewa waziwazi. Tabasamu la mtoto si ridhaa, wala kicheko chako si ridhaa. Tena kifungu cha 32 cha sheria hiyo ya data kinamtwika mwenye saluni mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa idhini, hakikutwiki wewe kuthibitisha kwamba hukutoa.

Hilo la viti vitatu limewapoteza wengi. Biashara yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Mwezi Septemba 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisemi kwamba huyu atatozwa kiasi hicho.

Andika barua kwanza, udai bango liondolewe na picha zifutwe kila zilipo, pamoja na simu ya msusi. Akikaidi, peleka malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Upper Hill. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90, na fidia unaweza kuidai. Swali langu ni moja: kabla hajafuta, ulihifadhi tangazo?

Fundi wa Mistari:
Mimi ni msusi, na nakiri kwamba tunafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Siku hizi mteja asiponikubalia kwa ujumbe, napiga kisogo tu. Bango la mlangoni pia lipigwe picha likiwa bado limetundikwa, na jina la saluni lionekane juu yake.

Mama Nuru:
Karani, nimeona aibu kusoma swali lako, kwa maana hasira ilinifanya nimwamrishe afute mbele yangu kabla sijahifadhi chochote. Nimempigia shemeji sasa hivi. Tangazo bado analo katika simu yake, na siku aliyolipokea inaonekana, kwa hiyo nimemwomba asiguse kitu. Bango nimelipiga picha nikitoka dukani. Yale ya kumwanika nimeyaacha. Kesho nampelekea barua nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine aitie sahihi ya kupokea.