Flenji ya 200 inatoka 189, matundu hayakutani. Naomba ushauri, nakata kesho

Mikindani_Chuma (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, naendesha meza ya plazima ya CNC (tochi ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta), ampea 45. Nina flenji 12 (pete za chuma za kuungia bomba kwa boliti) za bomba la kufyonza vumbi, zinakwenda kiwanda cha korosho Masasi. Pleti ni mm 6. Kipenyo cha nje mm 200, tundu la kati 116, duara la boliti (linalopita kwenye vitovu vya matundu) 160, matundu 8 ya mm 11 kwa boliti za M10. Nimechora kwa programu ya Inkscape, nikatoa faili la DXF, nikaliingiza SheetCam (programu inayopanga njia ya tochi). Ya majaribio imetoka 189 kwa nje, duara la boliti 150, na boliti haiingii kabisa. Meza imepoteza kipimo au ni programu? Kesho asubuhi lazima nikate.

Nozo_Kavu
Anza na hewa mkuu. Pwani yetu ina unyevu mwingi, kompresa inatema maji hadi kwenye tochi. Maji yakifika, nozo (ncha ya tochi) inaliwa upande mmoja na mkato unalala mshazari. Mwaga maji ya tangi kila asubuhi, weka kichujio cha pili karibu kabisa na mashine, na bomba la hewa lisitambae chini kwenye zege la baridi. Elektrodi ikishachimbika zaidi ya mm 1 katikati, badilisha pamoja na nozo yake.

Mchinga_2
Hewa mbaya haipunguzi mm 11, Nozo_Kavu. Mimi naona ni upana wa mkato. Plazima ya ampea 45 kwenye mm 6 inakula kama mm 1.6. Usipoiambia SheetCam ikate nje ya mstari, kipande kinapungua.

Mikindani_Chuma
Nimeiambia. Upana wa mkato 1.6, nje kwa mduara mkubwa, ndani kwa matundu. Hilo nalijua.

Mzee_wa_Nachingwea
Vijana, tatizo ni haraka. Kazi ya mtu inapimwa kwenye karatasi kwanza. Chapisha mchoro kwa kipimo kamili, weka juu ya flenji ya zamani, utaona kabla hujaunguza chuma. Na ofisi za SIDO zipo hapo hapo Mtwara, nenda ukaulize wanaokata kila siku.

Kipimo_Kwanza
Upana wa mkato hauwezi kugusa duara la boliti. Unabadilisha ukubwa wa tundu tu, kitovu chake hakisogei. Kwa hiyo 160 kuwa 150 ni mchoro mzima umesinyaa. 150 gawanya kwa 160 ni 0.9375, ambayo ni 90 kwa 96.

Hapo ndipo ninaposhindwa kukuamini, mleta mada. Inkscape ilitumia nukta 90 kwa inchi hadi toleo la 0.92 la mwaka 2017, kisha ikahamia 96. Mchoro uliochora mwenyewe juzi hauwezi kuangukia hapo. Halafu 200 mara 0.9375 ni 187.5, wewe unasema 189. Namba hizi haziishi pamoja. Nadhani umetupikia chai.

Tandahimba_Kerf
Hata mimi nimeona. Mtu mwenye kazi ya kesho angeweka picha ya kaliba juu ya kipande.

Mikindani_Chuma
Si chai wakuu. Flenji ipo mezani, nimepima mara tatu, ni 189. Sawa, niseme vizuri: mchoro si wangu. Ni faili la SVG la fundi aliyekuwepo kabla yangu, la mwaka 2015, limo kwenye flashi ya karakana. Lilipofunguka, Inkscape iliuliza kama ni mchoro wa skrini au wa kuchapisha kwa kipimo. Nilichagua skrini. Lakini kwa namba ya Kipimo_Kwanza naona dawa ni rahisi: nakuza mara 1.0667, basi. Pleti nimeshanunua, kipande cha 900 kwa 700, zinaingia 12 kwa safu 4 kwa 3.

Kipimo_Kwanza
Nakuomba radhi, sasa namba zinaelewana: faili la nukta 90 limesomwa kwa 96. Na ndiyo maana usikuze. 189 ukiirudisha inakuwa 201.6. Fundi wa zamani alishaongeza 1.6 kwenye mchoro wenyewe, kwa sababu alikata juu ya mstari. Ukikuza halafu SheetCam ikaongeza 1.6 yake, nje utapata 201.6 na matundu 9.4. M10 haitapita. Tundu la kati litakuwa 114.4, na kama bomba lako ni la inchi 4 lenye 114.3 kwa nje, litakwama.

Mikindani_Chuma
Basi nikuze, nizime fidia ya mkato (ile 1.6 ya SheetCam). Hesabu inarudi 200 na 11, sivyo?

Kipimo_Kwanza
Kwa hesabu, ndiyo. Kwa chuma, hapana. Miduara ya SVG ni mikunjo. Ikiingia DXF inaweza kuvunjika vipande vidogo vingi, tochi inatetemeka ndani ya tundu la 11. Na nozo ikichakaa mkato unapanuka, huna pa kurekebisha. Chora upya kwa programu ya LibreCAD, ni dakika 20. Vizio weka milimita. Kitovu 0,0: mduara wa nusu kipenyo 100, mwingine 58. Mduara wa 80 ni wa kupimia tu, uweke kwenye leya yake. Kwenye 0,80 chora tundu la nusu kipenyo 5.5, lizungushe digrii 45, nakala 7. Kisha FUTA ule wa 80. Ukiusahau, mashine itaukata na flenji itatoka pete mbili. Ukihifadhi DXF ya toleo la R12 haibebi vizio, kwa hiyo SheetCam ikiuliza chagua milimita. Ukiacha inchi, 200 inasomeka 5080.

Tandahimba_Kerf
Ongeza haya. Matundu kwanza, tundu la kati, nje mwisho. Ndani zunguka kinyume cha saa, nje kama saa, kwa sababu upande wa kulia wa tochi ndio unaotoka wima. Toboa ikiwa mm 3.8 juu, shuka 1.5 ndipo ukate. Kwenye matundu punguza spidi hadi asilimia 60 na uzime kidhibiti cha urefu wa tochi, la sivyo tochi itazama. Toboa katikati ya tundu, uingie kwa tao dogo la mm 3.

Mchinga_2
Au atie alama tu kwa plazima, atoboe kwa drili?

Tandahimba_Kerf
Tundu likishapita plazima ya hewa, kingo zinakomaa kwa naitrojeni na biti inaungua. Ama drili tupu, ama plazima hadi mwisho.

Mikindani_Chuma
Nimechora upya. Wa 80 nimeufuta. Nimekata moja: nje 200.3, duara la boliti 160, matundu 10.8 juu, chini yamebana kidogo, M10 inapita kwa mkono. Imekaa juu ya ya zamani, boliti zote 8 zimeingia.

Kipimo_Kwanza
Matundu yape 11.3 kwenye mchoro, ndipo ukate flenji 11 zilizobaki.