Unga wa grafiti ndani ya mtutu wa raifo, unapunguza uchafu kweli au nitajiharibia?

Mlengaji_Mpya
Habari zenu wakuu, naomba kueleweshwa. Nina raifo ya boliti, ile ambayo kufuli lake la nyuma unalifungua na kulifunga kwa mkono, saizi ya risasi ni .308, niliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, kazi yangu mimi ni kupiga karatasi tu, mita 100 mpaka 300, siwindi. Kinachonichosha ni uchafu wa mtutu. Nikifika risasi ya 40 hivi grupu inaanza kufunguka, zilizokuwa zinagusana zinaanza kutawanyika, halafu nikirudi kusafisha nasugua mpaka mkono unauma, vitambaa vinatoka vyeusi, vyeusi, vyeusi, baadae vinaanza kutoka na rangi ya bluu na hiyo bluu haiishi, jana nimesugua karibu masaa mawili na bado ipo.

Sasa jamaa mmoja kaniambia chukua unga wa grafiti ule wa kupuliza kwenye vitasa, paka kwenye kitambaa, pitisha ndani ya mtutu mara kumi hivi ndo uende kupiga, eti shaba ya koti la nje la risasi haitashika kwasababu ukuta unateleza. Mwingine akasema unga peke yake haukai, changanya na grisi kidogo. Kwa akili ya haraka haraka naona inaingia akilini, lakini mtutu sio kitasa, kitasa hakilipuki usoni kwa mtu. Kuna aliyejaribu? Haina madhara?

Kipara_wa_Shabaha
Mimi nimefanya mkuu tena sikununua chochote, nilisaga penseli. Mtutu ukawa laini kama kioo. Tatizo letu tunapenda kununua makemikali ya bei kubwa wakati dawa ipo kwenye begi la mtoto wa shule.

BabaMaganda
Kipara umenichekesha. Penseli ile tulikuwa tunaiita kalamu ya risasi, na ndani haina risasi hata chembe, ni grafiti na udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Udongo! Yani umepitisha udongo wa kuchoma kwenye mifereji ya mtutu halafu unashangaa umekuwa laini, umeupiga msasa mkuu. Ni msasa laini sawa, lakini ni msasa.

Mlengaji turudi kwako. Kuna kitu watu wengi hawakijui na kikijulikana huu mjadala unaisha nusu yake. Sisi tunaojaza risasi wenyewe tukimwaga baruti kwenye sahani tunaona chembe zake zinang'aa kijivu kijivu. Ile ni grafiti. Kiwandani wanaipaka makusudi ili chembe ziteleze vizuri kwenye kipimo na zisikusanye umeme tuli. Kwahiyo tangu siku ya kwanza raifo yako ilipopigwa, kila risasi imekuwa ikipuliza grafiti ndani ya mtutu, na mtutu unachafuka vilevile. Kama unga ule ungekuwa dawa ya shaba basi hakuna mtu duniani angekuwa na shida ya shaba kwenye mtutu.

Halafu fikiria kinachotokea mle ndani. Risasi inakaa kwenye mtutu kama sekunde moja ukigawa kwa elfu, presha ya juu kabisa inayoruhusiwa na SAAMI, wale Wamarekani wanaoweka viwango vya bunduki na risasi, kwa .308 ni 62,000 psi (pauni kwa inchi mraba), gesi ina joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Kaunga kako ulikopaka kwa kitambaa, risasi ya kwanza inakakwangua karibu kote na mbele inakatoa. Ya pili mpaka ya arobaini zinapita kwenye mtutu uleule wa zamani. Ili kafanye kazi inabidi upake kabla ya kila risasi, na hapo kila risasi inakuwa ya kwanza, na kila mtu anayejua shabaha anajua risasi ya kwanza kwenye mtutu uliopakwa kitu haiendi pamoja na wenzake.

Swali langu kwako ni moja tu: unasugua kwa brashi gani, na solventi yako, yani dawa ya kuyeyusha uchafu, ina harufu kali ya amonia?

Mlengaji_Mpya
Brashi ya shaba nyeusi mkuu, ile ngumu. Solventi ndio, inanuka mpaka machozi.

BabaMaganda
Basi nusu ya bluu yako ni brashi. Amonia inayeyusha shaba, haiulizi hii ni ya risasi au ya brashi, na shaba nyeusi ni shaba na bati. Ungeendelea kusugua mpaka brashi iishe na bado ungeona bluu. Hata kile kichwa cha fimbo kinachobeba kitambaa, kama kimetengenezwa kwa shaba kinakudanganya hivyohivyo.

Tumia brashi ya nailoni unapotumia dawa ya shaba. Lowesha, iache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa usizidishe, pitisha vitambaa vikavu, angalia rangi. Ile ya shaba nyeusi baki nayo kwa masizi na solventi ya masizi, hapo inafanya kazi nzuri sana. Dirisha fungua.

Na kwasababu raifo ni ya mkono wa pili, huwezi jua mwenye mwanzo alikuwa anasafisha nini. Uchafu wa mtutu unajipanga kwa matabaka kama rangi kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, masizi, shaba juu yake, masizi tena juu ya shaba. Dawa ya shaba haili masizi na ya masizi haili shaba, ndo maana mtu anasugua upande mmoja wiki nzima anasema mtutu hautakati. Inabidi ubadilishe, masizi kwanza, kavu, shaba, kavu, rudi masizi. Siku moja itatosha, baada ya hapo hutahangaika tena hivi.

Kingine, mbele tu ya chemba (kile chumba risasi inapokaa kabla ya kulipuka), pale koo la mtutu linapoanza, kaboni huwa inajenga ringi ngumu karibu kama kauri. Ikikua inaweza kuubana mdomo wa ganda au kuiminya risasi, presha inapanda na grupu inafunguka. Wengi wanailaumu shaba kumbe ni ile ringi. Ukipata kakamera ka kuchungulia mtutu utaiona, ni mkanda mweusi unazunguka.

MamaRenji
Mimi nataka kuongelea hiyo ya grisi maana hamjaigusa na ndio itakayomuumiza mtu.

Mwanangu usithubutu. Nilifanya huo ujinga miaka ya nyuma, grisi ya grafiti, nikapaka mtutu vizuri kabisa nikajiona fundi, na kwa haraka nikaacha mabaki kwenye chemba. Risasi ya kwanza boliti ikagoma kufunguka, nikaigonga kwa kiganja, ganda lilipotoka fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako chake, imelala bapa kabisa kama imepigwa nyundo. Nilikaa chini dakika kumi bila kuongea na mtu.

Iko hivi, risasi ikilipuka ganda linavimba na kuung'ang'ania ukuta wa chemba, ule mshiko unapunguza nguvu inayorudi nyuma kwenye boliti. Chemba ikiwa na mafuta ganda linateleza badala ya kushika, mzigo unaenda kwenye boliti. Na mbele huko, mafuta au grisi iliyojaa kwenye mtutu ni kizuizi, risasi ikifika mbio inakuta kitu ambacho hakiminyiki, mtutu unaweza kuvimba. Ndo maana bunduki yoyote iliyohifadhiwa na mafuta unapitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na chemba kabla hujapiga.

Wala sio mambo mapya. Wamarekani walipitia haya na raifo zao za Springfield. Zamani koti la risasi lilikuwa la shaba na nikeli, likawa linaacha mabonge ya metali yake kwenye mtutu, wapigaji wakawa wanachovya risasi kwenye grisi ili lisishike. Mwaka 1921 kwa mashindano ya taifa wakatengeneza risasi zilizopakwa bati, zilipunguza ule uchafu kweli, ila bati likawa linajigandisha na shingo ya ganda kama lehemu. Walikatazwa wasitie grisi na wengine walitia kwa mazoea. Presha ikapanda vibaya. Baada ya hapo wakahamia koti la shaba na zinki kidogo, kama hili la siku hizi, na hadithi ya grisi ikafa yenyewe. Sasa nyie mnataka kuifufua.

Kipara_wa_Shabaha
Sawa mama nimekoma 😂 lakini hamjanijibu, mbona watu wanapaka risasi zao moli, ule unga wa molibdenamu, na hawafi? Si ni kitu kilekile cha kuteleza?

Chuma_Kavu
Sio kilekile Kipara. Moli ikipakwa inapakwa kwenye risasi, sio kwenye mtutu. Unazungusha risasi na unga ndani ya chupa mpaka zinavaa ngozi nyembamba, kwahiyo kila risasi inakuja na cha kwake. Hapo ndipo wazo la yule jamaa wa Mlengaji lilipopotea njia, kilainishi lazima kisafiri na risasi.

Miaka ya 90 moli ilivuma kila mahali, baadae wengi wakaachana nayo. Mimi nilitumia na niliacha, sio kwamba ni uongo, kweli shaba ilipungua. Ila msuguano ukipungua presha inapungua na mbio inapungua, inabidi uongeze baruti kurudisha ulichopoteza, kwahiyo huwezi kuchukua kipimo chako cha zamani ukasema ni kilekile. Ukisafisha mtutu unahitaji risasi kadhaa mpaka ngozi ijijenge upya ndo grupu itulie. Na moli yenyewe ikichanganyika na kaboni koo la mtutu linapata tope la kipekee ambalo sitaki kulikumbuka. Wanaotaka njia hiyo siku hizi wengi wameenda kwenye boroni nitraidi, ni nyeupe, inavumilia joto kuliko moli na haikuachi na mikono ya fundi makenika.

Grafiti kwenye chuma ina ugomvi mwingine. Inapitisha umeme na kwenye ile ngazi ya metali inayoonyesha nani anamla nani wakigusana iko juu kabisa, upande wa wasioliwa, ukiiacha imelala kwenye chuma pakawa na unyevu kidogo, inakuwa kama betri ndogo na anayeliwa ni chuma. Kwahiyo yule anayepaka grafiti mtutuni akaifungia bunduki kabatini akidhani ameilinda, anaweza kuja kukuta vidoti vya kutu. Kichekesho ni kwamba grafiti yenyewe inahitaji huo unyevu ili iteleze! Hewa ikiwa kavu sana inaanza kukwaruza. Vita vya pili vya dunia ndege zilipoanza kuruka juu sana, brashi za kaboni za jenereta zikawa zinasagika haraka ajabu, kwasababu kule juu hewa ni kavu mno. Kwahiyo ukiinyima unyevu haitelezi, ukiipa unyevu inakula chuma. Chagua.

BabaMaganda
Nakubali yote ila naomba msiitukane grafiti mpaka mwisho. Mimi ninayo kopo zima. Naitumia ndani ya shingo la ganda, nachovya mdomo wa ganda kwenye vishanga vidogo vyenye unga wake, tone tu, ndo naisukuma risasi. Risasi inakaa bila kukwaruzwa na nguvu ya kuisukuma inafanana ganda kwa ganda. Hapo ipo nyumbani kwake.

Na Mlengaji kama unanunua baruti mwenyewe, zipo ambazo zimewekewa kitu cha kupunguza shaba humohumo, kwa mfano Hodgdon CFE 223. Wazo ni la zamani, kiasi kidogo cha bati au bismuthi kikiungua kinaifanya shaba iwe dhaifu isishike vizuri, risasi inayofuata inaifagia. Haimalizi kusafisha, inapunguza.

MamaRenji
Na fimbo ipitie nyuma, upande wa chemba, weka na kile kijia cha kuielekeza. Mdomo wa mtutu ukikwanguliwa na fimbo hakuna unga wala solventi itakayokurudishia grupu yako.

Mlengaji_Mpya
Wakuu nimerudi. Nimefanya kama BabaMaganda alivyosema, nailoni kwa shaba, ya shaba nyeusi kwa masizi tu, kwa zamu. Zamu ya tatu ya masizi kikatoka kitu kama makaa yaliyopondwa, sikujua kilikuwa mle. Bluu ilipungua tangu siku nilipobadilisha brashi, nimejiona mjinga, masaa mawili nilikuwa nayeyusha brashi yangu mwenyewe.

Jana nikapiga 60. Zile tatu za mwanzo zilienda juu kulia peke yao, baada ya hapo zikatulia mpaka mwisho. Sio kama mpya lakini haifunguki kama mwanzo. Je hizo tatu za kwanza bado kuna shida au ndo kawaida?

BabaMaganda
Kawaida. Mtutu uliong'arishwa kabisa unahitaji kuchafuka kidogo ndo utulie, wengine wanataka moja wengine kumi. Andika kwenye daftari wa kwako unataka ngapi, na usiusafishe mpaka chuma kila baada ya kupiga. Toa masizi, shaba iguse pale grupu ikianza kulalamika.

Mlengaji_Mpya
Shukrani sana. Na ule unga nimeshaununua, nifanyeje nao?

Kipara_wa_Shabaha
Mlango wangu wa nyuma unakwama, nipe mimi.