Vidonge vya alginati vinafunikwa na utando mweupe ndani ya wiki mbili: kosa ni la jeli au la mwili?

tishu_hai:
Wakuu, naombeni msaada. Vidonge (vitone vya duara) vya haidrojeli, yaani jeli yenye maji mengi, ya alginati 2%, kipenyo kama milimita 0.5, vimegandishwa kwenye kalsiamu kloridi 100 mM vikiwa na seli ndani. Kwenye sahani ya maabara seli ziko hai kabisa. Vikiwekwa kwenye uwazi wa tumbo la panya wa ukoo wa C57BL/6, siku ya 14 vinatoka vimeshikana, vimefunikwa utando mweupe, na seli za ndani nyingi zimekufa. Alginati ilipitishwa kwenye chujio la mikromita 0.22 na hakuna bakteria aliyeota. Halafu kwenye slaidi, mahali pa jeli pana tundu tupu. Nianzie wapi?

kinga_na_polima:
Mkuu, kutoota bakteria hakumaanishi jeli ni safi. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, na ile isiyosafishwa kwa ajili ya kupandikizwa huja na endotoksini (sumu za ukuta wa bakteria, hubaki hata bakteria wakifa), protini na polifenoli. Endotoksini hupita kwenye chujio la 0.22 bila shida. Otoklevu nayo haiiondoi, ila itakukata minyororo ya alginati na jeli itakuwa laini kuliko ulivyokusudia. Nunua alginati iliyosafishwa kwa kiwango cha kupandikizwa, na vyombo vya kioo viunguze kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30.

Upimaji una mtego wake. Kipimo cha damu ya kaa wa Limulus huweza kuamshwa na beta-glukani (sukari ya kuta za kuvu na mimea), kikakupa jibu la uongo. Tumia kile cha faktari C ya kutengenezwa, yaani protini ya kaa huyo inayohisi endotoksini, iliyotengenezwa maabara. Alginati pia hunyakua kalsiamu na magnesiamu ambazo kipimo kinazihitaji, kwa hiyo ongeza endotoksini ya kiasi unachokijua kwenye sampuli. Usipoipata tena kati ya 50% na 200%, zimua zaidi na urudie.

Makrofaji_Mkuu:
Naongezea upande wa mwili, maana hata jeli safi haiachwi hivi hivi. Protini za damu huganda juu yake ndani ya dakika chache, nyutrofili (seli za kinga zinazotangulia) hufika siku ya kwanza, kisha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu vigeni. Makrofaji hawezi kumeza kitu cha nusu milimita, kwa hiyo huungana na wenzake kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na kuita faibroblasti, seli zinazofuma kolajeni, nyuzi za protini za kovu. Huo ndio utando wako. Seli za ndani zinakosa oksijeni, kwa sababu seli za utando zilizoko juu zinaitumia kabla haijafika.

Mambo mawili yamekuponza. C57BL/6 hujenga utando kwa alginati kwa nguvu kuliko panya wa ukoo wa BALB/c. Na ukubwa: utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba vidonge vya milimita 1.5 hufunikwa kidogo sana kuliko vya 0.5. Lakini usikimbilie kuvikuza tu, kwani katikati ya kidonge kikubwa oksijeni ni haba hata bila utando. Punguza idadi ya seli kwa ujazo.

Vitazame pia kwenye hadubini kabla ya kuvipandikiza. Kidonge chenye mkia kama chozi hufunikwa kuanzia pale kwenye mkia. Mara nyingi sindano iko karibu mno na kalsiamu, tone halipati muda wa kujikusanya likawa duara.

slaidi_safi:
Hilo tundu tupu ni suala jingine kabisa. Umehifadhi kwenye fomalini yenye bafa ya fosfeti, siyo? Fosfeti huichukua kalsiamu, jeli ikayeyuka kabla hujaikata. Tumia paraformaldehaidi 4% kwenye HEPES 20 mM (bafa isiyo na fosfeti) yenye chumvi 150 mM na kalsiamu kloridi 5 mM. Sitreti usiiguse, nayo hunyakua kalsiamu. Parafini nayo hukausha na kusinyaza jeli, kwa hiyo mimi ningegandisha: sukrosi 30% usiku kucha, yenye kalsiamu ileile, kisha ukate.

tishu_hai:
Ni fosfeti kweli, asanteni. Vidonge navyo vilisuuzwa mara moja tu kwa bafa hiyohiyo. Je, nibadilishe yote kwa mpigo?

Makrofaji_Mkuu:
Usibadilishe yote, hutajua kipi kimesaidia. Kusuuza ndiko kurekebishe kwanza: mara tatu kwa maji ya chumvi yenye HEPES na kalsiamu 2 mM. Ukiacha kalsiamu ya ziada, nayo huwasha uvimbe. Kisha weka makundi matatu: upasuaji bila kidonge, vidonge vitupu, vidonge vyenye seli. Toa sampuli siku ya 3, 7, 14 na 28, upake rangi ya Masson kwa kolajeni na CD68 (alama ya protini) kwa makrofaji. Vitupu vikifunikwa, tatizo liko kwenye jeli. Vyenye seli peke yake vikifunikwa, antijeni za seli (protini zake zinazoamsha kinga) zinavuja nje, na hapo kusafisha alginati hakutakusaidia.