Trafiki imepanda: nimwelezeje bosi wangu?

Dogo_wa_Sakina:
Wakuu, shikamooni. Nipo ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, mambo ya kompyuta yote ni mimi. Bosi wangu ni mzee aliyeendesha Hiace za Moshi miaka mingi kabla ya kununua Land Cruiser yake ya kwanza. Leo nimeingia ofisini na furaha zangu: "Mzee, mwezi huu trafiki kwenye tovuti imepanda sana."

Akaweka kikombe chini. "Kapanda gari lipi? Mwambieni dereva asimdai nauli."

Nimecheka peke yangu hadi Sanawari. Ila nauliza kwa dhati, hiyo trafiki ya mtandaoni, yaani watu wanaoifungua tovuti, tuiiteje?

Suka_Boma:
Mzee hana kosa. Barabara hii trafiki ni mtu: nguo nyeupe, tochi ya kupimia mwendo mkononi. Ukitoka Boma Ng'ombe, gari la mbele likikuwashia taa unajua yupo, unarudi hamsini mwenyewe. Ukipigwa tochi, 30,000 imekwenda. Magari yakibanana pale Tengeru hiyo ni foleni. Jamu waachie Wakenya.

Mkalimani_Mstaafu:
Kijana, marahaba. Hilo neno "traffic" kwa Waingereza wa karne ya 16 lilikuwa biashara, kupeleka na kuleta bidhaa. Magari yamekuja nyuma sana. Ndiyo maana hadi leo wanalitumia pia kwa wauza dawa za kulevya na wauza watu. Niliwahi kukalimani semina hapa Moshi, mtoa mada akachanganya lugha akasema "tupambane na trafiki wa binadamu". Bodaboda mmoja akanyoosha mkono: kumbe wapo na wa ng'ombe? Sheria yetu ya 2008 inasema usafirishaji haramu wa binadamu. Refu, lakini halipotezi mtu.

Kwa bosi wako sema "wageni wa tovuti".

Dogo_wa_Sakina:
Mzee wangu, ofisi ya utalii hii! Nikisema wageni wameongezeka ataniuliza wamelala hoteli gani.

Suka_Boma:
😂😂 Sema wapiga chabo.

Mkalimani_Mstaafu:
Suka, adabu. Mwambie kuna watu wanapita dukani wanachungulia.

Dogo_wa_Sakina:
Mrejesho: nimemwambia waliochungulia mwezi huu ni 1,400. Kaelewa papo hapo. Kauliza wangapi wameingia ndani.

Watatu. Kaomba chai nyingine.